Kufomati si kutengeneza

Wiki iliyopita nilikaa karibu saa nne kwenye saiba moja kule Kawangware, hatua chache kutoka steji ya 46, nikipambana na kompyuta iliyokuwa imetoka tu kwa fundi. Mwenye saiba ni mama mmoja tunayefahamiana tangu zamani. Alinipigia simu asubuhi akasema, "Kijana wangu, hii mashine nimeilipia juzi tu. Mbona kila tovuti inaniambia si salama?" Nikafikiri ni kazi ya dakika kumi. Kumbe!

Haya, nikaketi. Jambo la kwanza nililoona ni saa. Kompyuta ilikuwa inasema tuko Januari 2012. Ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, inayoifanya ikumbuke saa hata umeme ukizimwa. Ile ya mama ilikuwa imekufa. Tovuti yoyote salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta. Ukiwa bado uko 2012, cheti cha leo hakijazaliwa. Ndiyo maana ya zile kelele zote. Badala ya kubadilisha betri, ambayo bei yake haifiki sahani ya chakula cha mchana, fundi alimwonyesha kijana anayehudumia wateja mahali pa kubonyeza ili kupuuza onyo na kuendelea.

Jambo la pili: mfumo uliokuwa umewekwa upya, ukalipiwa, ni Windows 7. Microsoft waliacha kuitolea viraka vya usalama tarehe 14 Januari 2020. Hata Chrome ya mwisho kukubali kukaa juu yake ni toleo la 109, la Januari 2023.

Jambo la tatu ndilo lililoniudhi. Masasisho yalikuwa yamezimwa kabisa, na ukuta wa moto pia. Nilipomuuliza mama, akanijibu kwa shukrani kabisa: "Ndiyo, alinizimia ili isinilie bundles."

Sasa, sitaki mtu afikiri nimekuja kuwatukana mafundi. Kuanzia Luthuli Avenue hadi River Road kuna watu wanaoweza kuifufua bodi ambayo mwenye kiwanda angeitupa, na bila wao nusu yetu tusingewahi kugusa kompyuta. Mimi mwenyewe mashine yangu ya kwanza ilitoka huko, imetumika, haina hata kifuniko cha ubavuni. Lakini ni lazima tuseme ukweli: kufomati peke yake si kutengeneza. Ni sawa na kupaka nyumba rangi na kuuacha mlango bila kitasa. Nyumba inang'aa, na mwizi anaiona vizuri zaidi.

Fikiria ni nani anayeumia. Si mama, na wala si fundi. Saiba ya mtaani ndiyo ofisi ya kila mtu asiye na kompyuta. Pale ndipo watu wanaingia eCitizen, wanatafuta PIN ya KRA, wanajaza fomu za HELB, na mwisho wa Juni foleni ya kuwasilisha ritani inafika nje barabarani. Kwenye kompyuta ile ile nilikuta picha za vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa zimejaa mbele kama takataka, pamoja na faili moja ya maneno ya siri ya wateja "wanaosahau sana". Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Mteja aliyekuja kuchapisha ukurasa mmoja hajui kwamba kitambulisho chake kinalala kwenye mashine isiyo na kiraka hata kimoja tangu 2020.

Na kiraka si urembo. Mnamo Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha tundu moja kwenye sehemu ya Windows inayoshughulikia kushirikiana mafaili mtandaoni. Miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei, WannaCry ikapita kwenye tundu hilo hilo, ikafunga mafaili ya watu na kudai fidia katika nchi zaidi ya 150. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu. Kompyuta nyingi zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inapata viraka! Dawa ilikuwepo miezi miwili, watu hawakuinywa. Sisi tunafanya zaidi: tunamlipa mtu aizuie dawa isiingie.

Kesho yake nilipanda matatu hadi mjini nikaongea na fundi mwenyewe, kwa heshima. Jibu lake limenikaa kichwani. "Bosi, mteja analipia kuona Windows inawaka. Ikishawaka, anataka kuenda. Nani atanilipa kukaa saa tatu nikingojea masasisho yashuke?" Nikakosa la kusema, kwa sababu yuko sahihi. Ubaya haukuanzia kwenye meza yake. Umeanza na sisi tunaolipia kioo kiwake, kisha tunapatana bei mpaka anabaki na muda wa kunakili tu kutoka kwenye fleshi ile ile anayotumia tangu zamani.

Basi tufanyeje na mashine kuukuu? Ile ya mama ni Dell OptiPlex yenye Core i5 kizazi cha 3, mfano wa mwaka 2012, na RAM ya GB 4. Windows 10 inaingia, lakini nayo msaada wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025. Mwaka mmoja wa ziada waliotangaza, hadi 13 Oktoba 2026, ulilengwa kwa kompyuta za watu binafsi, si za biashara kama saiba. Windows 11 inadai TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha yao, ambayo kwa Intel ni takriban kizazi cha 8 kwenda juu. Kuna njia za kuilaghai iingie kwa nguvu, najua, lakini Microsoft wenyewe hawaahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho. Tutakuwa tumerudi pale pale.

Kwa maoni yangu, kompyuta ambayo kazi yake ni kivinjari na kuandika barua inafaa iwekewe Linux. Mimi nilichagua Linux Mint 22, toleo la Xfce ambalo ni jepesi. Ilitoka Julai 2024 na itapata viraka hadi Aprili 2029, bila kulipia leseni na bila kuhitaji kuivunja kufuli. Unaiwasha kwanza kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski, unajaribu printa, unajaribu intaneti, ukiridhika ndipo unaisimika. Na nakili mafaili yako kwanza! Nimeshaona machozi ya kutosha.

Najua mtaniambia nini. Bundles? Ni kweli, masasisho ya kwanza yanakula data. Fanya kazi hiyo mahali penye Wi-Fi, mara moja, kisha ya kila wiki ni madogo. Wateja hawaijui? Mteja wa saiba anatafuta alama ya kivinjari, hajali kilicho chini yake. Publisher? Hapo mmenishika. Mama anatengeneza kadi za harusi na vitabu vya mazishi kwa Publisher, na LibreOffice haifungui kazi hizo sawasawa. Tena skana yake ilikataa kata kata kufanya kazi na Mint.

Kwa hiyo tulikubaliana hivi. Kati ya kompyuta zake sita, tano zimehamia Mint. Ya sita imebaki na Windows kwa ajili ya Publisher na skana, na nimeitoa waya wa mtandao. Kazi inapelekwa kwa fleshi, na ni usumbufu, sikatai. Kijana wa pale ananung'unika kila akinyanyuka. Betri zote sita tumebadilisha, ile faili ya maneno ya siri tumeifuta, na vitambulisho vinafutwa kila jioni kabla ya kufunga.

Wewe unayepeleka kompyuta mjini wiki hii, muulize fundi maswali matatu kabla ya kutoa pesa. Mfumo unaoniwekea bado unapata viraka, na mpaka lini? Utaniachia masasisho yakiwa yamewashwa? Saa inakumbuka tarehe nikichomoa umeme? Akijibu vizuri, usipatane bei. Mwongezee pesa ya zile saa tatu za kungoja, kwa sababu ndizo matengenezo yenyewe.

Jana mama alinipigia tena. Nikashtuka, nikajua kimeharibika kitu. Kumbe alitaka kuniuliza kama kuna njia ya kuiweka hiyo Mint kwenye laptopu ya binti yake pia. Nimemwambia ipo, ila kwanza tuitazame betri.