SKRINI MOJA, KOMPYUTA MBILI: NANI ALIPE?



Katika karatasi hii tumezoea kusoma habari za mishahara, za zamu na za nyumba, na hayo ni mambo makubwa. Leo twaleta shauri dogo, la skrini ya kompyuta. Twaomba msicheke kabla ya kufika mwisho.

Sisi ni watu wa reli, twakaa Lucky Summer. Nyumba yetu ni sebule na chumba kimoja. Katika sebule kuna meza moja, na juu yake skrini moja ya inchi 22, mali iliyotumika Uingereza ikaletwa hapa kuuzwa. Uzuri wake ni kwamba plagi yake ya miguu mitatu yaingia ukutani kwetu bila adapta. Kompyuta ni mbili. Ya kwanza ni laptopu ya kampuni moja ya mjini, ambako mama watoto ni karani wa mishahara. Tangu Korona ya 2020 alirudishwa kufanya kazi nyumbani, na mpaka leo siku tatu katika juma haendi ofisini. Ya pili ni kompyuta kuukuu ya mezani, iliyotolewa na tawi letu la chama, maana sisi ndio tunaoandika barua za tawi. Kampuni ilitoa laptopu bila skrini. Chama nacho kilitoa kompyuta bila skrini. Skrini tuliinunua sisi.

Wenzetu wengi wameanza kuuliza namna ya kufanya, kwa hiyo twaeleza. Nyuma ya skrini kuna matundu mawili, moja la HDMI na moja la VGA. Laptopu tuliiunga kwa HDMI, kompyuta ya tawi kwa VGA, na kitufe kilicho chini ya skrini huchagua ni ipi ionekane. Basi, hakuna uganga zaidi. Lakini kabla ya kujua hayo tulikwenda Luthuli Avenue, tukauziwa kijisanduku tukiambiwa ndicho chenyewe. Kumbe kilikuwa splita, ambayo hugawa picha ya kompyuta moja kwenda skrini mbili. Sisi tulitaka njia mbili ziingie katika moja. Mtu wa reli hudhani pointi ni pointi, treni ikitoka huku au kule ni sawa. Splita sivyo, hairudi nyuma. Muulizeni mwenye duka neno hili kabla ya kutoa fedha.

Tena kiko kisanduku kingine kiitwacho KVM, ambacho hugawana skrini, kibodi na mausi pamoja, kwa kubonyeza mara moja. Ni kizuri, lakini hatukukinunua. Laptopu ile ni mali ya kampuni, na mama watoto alipouliza ruhusa aliambiwa skrini yafaa, ila vitu vya USB visivyo vya kampuni visichomekwe. Kwa hiyo kila kompyuta ina kibodi yake, na meza imejaa mpaka kikombe cha chai hukaa sakafuni. Jambo jingine: ukibadili kwa kitufe, mara nyingi laptopu haijui kama skrini imechukuliwa, na kazi iliyokuwa wazi hubaki huko isionekane. Bonyeza alama ya Windows pamoja na herufi P, uchague skrini ya laptopu peke yake, nayo itarudi.

Sasa tufike penye uchungu. Mwisho wa mwezi mmoja mwenzetu wa karakana alipewa barua ya kujieleza, ajibu kwa siku 3. Alituletea jioni ya siku ya pili. Usiku ule ule mama watoto alikuwa anafunga hesabu ya mishahara, na hesabu yenye safu nyingi haisomeki vema katika kioo cha inchi 14. Shingo yake imekwisha kuharibika kwa kuinama. Njia ni moja, treni ni mbili. Nani asubiri? Laptopu ina jicho lake, kompyuta ya tawi bila skrini ni kipofu. Kwa haki hiyo angetupisha. Lakini mshahara wake ndio ulipao kodi na karo. Tulinuniana, tukasubiri, tukaanza kuandika saa sita usiku. Barua ilifika kwa wakati, lakini ilikuwa na tarehe mbili za makosa, na mwenzetu aliulizwa juu ya tarehe hizo.

Na si hivyo tu. Tulipobonyeza kitufe usiku ule kwa haraka tulikosea, tukaona majina na mishahara ya watu tusiowajua. Yeye naye ameona barua za wanachama. Nchi hii ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Siri ikitoka atalaumiwa karani, kwamba hakuwa mwangalifu. Hakuna atakayeuliza kwa nini siri za ofisi mbili zilikaa katika kioo kimoja.

Wengine watasema ya kuwa nyumba ni ya mtu binafsi, na mwajiri hahusiki na meza yake. Hatukubali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haisemi mahali pa kazi ni ofisini tu. Yataja mahali popote mfanyakazi alipo katika shughuli ya kazi yake. Tena yamtaka mwajiri ahakikishe vifaa na mahali pa kazi vinamfaa mfanyakazi. Na Pendekezo namba 184 la Shirika la Kazi Duniani, la 1996, lasema wafanyao kazi majumbani walipwe gharama kama za umeme, mawasiliano na matengenezo ya vifaa. Ni kweli ya kuwa hesabu hiyo haimhusu anayefanya kazi nyumbani mara moja moja tu. Lakini siku tatu kila juma kwa miaka si mara moja moja. Dereva wa treni haambiwi aje na taa yake ya mbele.

Makarani wetu wa reli nao wanaanza kubeba laptopu kwenda nazo nyumbani, na wanaona ni heshima. Kwa hiyo twaomba mambo mawili yaandikwe katika shauri la mkutano ujao wa tawi. La kwanza, wajumbe wetu wakikaa na waajiri wadai skrini, kiti na fedha ya tokeni za umeme kwa kila anayepangiwa kazi ya nyumbani. La pili, na hili mtatusamehe, mweka hazina wa tawi atafute fedha za skrini ya chama, hata ikiwa ni ya inchi 19 iliyotumika. Tutawezaje kudai kwa mwajiri kitu tusichompa mwandishi wetu wenyewe? Hata meza ya pili itabidi itafutwe, lakini hiyo tutatengeneza kwa mbao zetu.