Makachu hawaogopi bahari, kwa nini waogope penalti?

JUA likikaribia kuzama pale Forodhani, watu huacha kwanza urojo na mishikaki yao na kusogea ukutani. Vijana wa makachu wanachukua mbio, wanaruka, wanajipindua hewani na kuzama baharini. Simu zote ziko juu zinarekodi. Huoni dogo anayetetemeka.

Sasa mchukue dogo huyohuyo, mvalishe jezi, mpe mpira mita 11 kutoka golini. Ni fainali ya shule na mechi imefika kwenye matuta. Ghafla miguu inakuwa mizito na mdomo unakauka. Watu wanaomtazama ni walewale wa Forodhani. Kimebadilika nini?

Jibu la vijiweni ni jepesi: "Dogo hana roho." Lakini roho anayo, maana jana tu alikuwa anajirusha kichwa chini miguu juu.

Tofauti iko kwenye maandalizi. Kijana wa makachu haanzi na sarakasi. Anaanza na mruko wa kawaida, anarudia jioni baada ya jioni, tena mbele ya watu. Akidondokea tumbo, wenzake wanacheka, anapanda ukuta na kuruka tena. Kosa halimalizi jioni yake.

Penalti ni kinyume chake. Mara nyingi inapigwa mwisho wa mazoezi, wengine wameshavua viatu, kipa anatania. Halafu siku ya mechi dogo anaambiwa abebe shule nzima. Akikosa, anaitwa msaliti mpaka muhula ujao.

Wazanzibari wanalijua hili vizuri. Desemba 2017, Zanzibar Heroes walicheza fainali ya Chalenji dhidi ya wenyeji Kenya kule Machakos. Walitanguliwa mara mbili na mara mbili wakasawazisha, mabao yote mawili yakiwa ya Khamis Musa Makame. Dakika 120 zikaisha 2-2. Timu inayorudi mchezoni mara mbili ugenini haiwezi kuitwa ya waoga. Lakini kwenye matuta kipa Patrick Matasi alipangua mikwaju mitatu, Kenya ikashinda 3-2, na kombe ambalo Zanzibar ililitwaa mara moja tu, mwaka 1995, likabaki Kenya.

Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, amezichambua penalti za mashindano makubwa kwa miaka mingi. Mwaka 2008 yeye na mwenzake walionyesha kwamba mchezaji anayepiga mkwaju wa kuipa timu ushindi hufunga kwa asilimia 92. Yule ambaye akikosa tu timu imetolewa, hufunga kwa asilimia 62. Mpira ni uleule na umbali ni uleule. Kinachotofautiana ni kile anachokiwaza mpigaji. Jordet aligundua pia kwamba wanaokimbilia kupiga mara tu filimbi inapolia hukosa zaidi. Wanataka yaishe haraka.

Waogeleaji wanaijua presha hii kuliko hata wanasoka, kwa sababu hawana wa kumpasia. Collins Saliboko na Sophia Latiff, walioiwakilisha Tanzania katika kuogelea kwenye Olimpiki ya Paris 2024, walisimama pale peke yao. Mbio za mita 50 zinaisha chini ya nusu dakika. Ukianza vibaya, hakuna kipindi cha pili.

Ndiyo maana mchezo huo umelichukua suala la akili kwa uzito. Beijing 2008, miwani ya Michael Phelps ilijaa maji katikati ya mbio za mita 200 za mtindo wa kipepeo. Hakuona ukuta. Akahesabu mapigo ya mikono yake kama alivyozoea, akagusa wa kwanza kwa rekodi ya dunia ya 1:52.03. Haikuwa bahati. Kocha wake, Bob Bowman, alimfundisha kuiogelea mbio nzima kichwani kabla ya kulala, ikiwemo pale mambo yanapoharibika. Na bado Phelps huyo, mwenye medali 28 za Olimpiki, alikuja kukiri hadharani kwamba alipambana na sonona. Medali haikumtibu. Alihitaji watu wa kuzungumza nao.

Kwa kocha wa shule pale Unguja, somo hili halihitaji bajeti. Penalti zipigwe wachezaji wakiwa hoi, wenzao wakizomea kwa makubaliano. Kila mpigaji awe na utaratibu wake: aweke mpira, arudi hatua zilezile, avute pumzi, ndipo apige. Anayekosa apewe nafasi ya kupiga tena wiki hiyohiyo, kabla woga haujajenga nyumba.

Kazi kubwa zaidi ni ya watu wazima. Mwanafunzi huyo asubuhi ana mtihani, jioni ana mechi, na usiku anakuta jina lake linatukanwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Wengine huacha mpira hapo, wakiwa na miaka 15, na hakuna anayejua walichokuwa nacho miguuni.

Pale Forodhani anayedondokea tumbo huchekwa, kisha wenzake humpisha aruke tena. Uwanjani bado hatujafika huko.