Rolex, KFC na sanduku la warsha: tunachopenda na tusichopenda

Ukikuta vijana wa kikundi chetu wanabishana hapa Bugembe, usidhani ni siasa. Ni chakula. Nani anapika rolex nzuri, kuku wa KFC anastahili pesa yake au hapana, chipsi za jioni pale barabarani zimekaangwa leo au jana. Ubishi umetuchukua miezi. Sasa tumeamua kuuandika, kwa sababu ndani yake kuna jambo moja tunataka wenzetu wa mashirika walisikie, hata kama mwanzoni litaonekana ni mzaha wa watu wenye njaa.

Kwanza mjue nani anasema. Sisi tumetoka Kongo, Burundi na Sudan Kusini. Wengi wetu kadi zetu zinasema Nakivale, Kyaka au Kiryandongo, lakini tunalala Bugembe, kwa sababu hapa ndipo kuna shule, vibarua na barabara kubwa ya Iganga. Na mnajua sheria ya mjini: ukichagua mji, mgao wa chakula haukufuati. Unajitegemea. Kwa hiyo tukisema chakula fulani ni kizuri, tumekipima kwa ulimi na kwa mfuko.

Namba moja ni rolex. Hapo hakuna aliyepinga, hata wale wa Juba ambao hupinga kila kitu. Mayai mawili yanapigwa ndani ya kikombe pamoja na kabichi, kitunguu na nyanya, yanamwagwa kwenye sufuria bapa yenye mafuta, chapati inawekwa juu, inageuzwa, inaviringishwa, basi. Dakika tano. Jina halihusiani na saa za Uswisi. Ni Kiingereza cha mayai ya kuviringishwa, kikasemwa haraka haraka mpaka kikawa rolex. Waganda wengi wanasema kijana wa kwanza kuiuza alitoka Busoga hii hii, kisha wanafunzi wa Makerere pale Wandegeya wakaipa umaarufu. Mwaka 2021 Raymond Kahuma, yule wa YouTube, na kundi lake wakapika moja ya zaidi ya kilo 200 wakaingia kwenye kitabu cha Guinness. Kilo 200! Tuliangalia ile video mara nne na kila mara swali lilikuwa hilohilo: nani alikula?

Lakini tunachopenda zaidi kwenye rolex ni kwamba unasimama pale unaona kila kitu. Yai linavunjwa mbele yako. Ukiwa na elfu mbili utakula, ukiwa na pungufu utasema "weka yai moja, boss", na hakuna mtu anakuangalia vibaya. Ukizoeleka, unakopeshwa hadi Ijumaa. Mpishi wa chapati anajua nani hali pilipili na nani anafunga. Kasoro yake ni moja, kaveera. Rolex ya moto ikitiwa kwenye mfuko wa plastiki inatoka jasho, chapati inalegea, na hatuamini kwamba ile plastiki inabaki yote kwenye mfuko. Tunapendelea wanaofunga kwa karatasi, hata kama ni daftari la zamani la mwanafunzi na unakula huku unaona alipata 3 kwa 20 kwenye hesabu.

Namba mbili ni kikomando: chapati iliyokatwakatwa, maharage juu yake. Wanasema jina linatokana na ile filamu ya Commando ya Arnold Schwarzenegger ya mwaka 1985, kwamba ukila unapata misuli. Misuli hatujaiona, lakini ukila saa nne asubuhi unafika jioni. Wenzetu wa Sudan Kusini wanaidharau kidogo. Kwao kuna ful, maharage yaliyopondwa, mafuta mengi, bizari, unachovya mkate. Wanadai kikomando ni ful iliyopoteza nyaraka zake njiani.

Namba tatu tulipigana. Waliopita Tanzania, kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, wanaapa kwamba chipsi mayai ndiyo baba wa yote na rolex ni mdogo wake. Tumewaambia waipike tuone. Mpaka leo wanatafuta viazi vinavyofaa. Kwa hiyo nafasi ya tatu tumewapa wale kuku na gonja wa barabarani, wa Najjembe ndani ya msitu wa Mabira na wa Namawojjolo ukikaribia Mukono. Basi likisimama tu, vijana waliovaa makoti wanalikimbilia, mikononi vijiti vya nyama, mapaja ya kuku, ndizi za kuchoma, maji. Dirisha lako linajaa mikono. Wenye mikahawa mikubwa wamejenga kidirisha cha kuuzia watu walio ndani ya gari, wanaona wamevumbua kitu. Hapa chakula chenyewe ndicho kinakimbia.

Safari ya Mbale tulijifunza kitu kingine, malewa. Ni machipukizi ya mianzi ya mlima Elgon, yanakaushwa kwa moshi, yanapikwa na karanga. Si chakula cha haraka, kinataka muda na uvumilivu. Ila wawili kati yetu wanaota kuyaweka ndani ya chapati. Tunawaombea.

Sasa tuje kwenye KFC, maana tunajua mnangoja.

KFC ilifika Uganda mwaka 2013. McDonald's bado haijafika hapa, wala Kenya, wala Tanzania, ingawa kuna kijana wetu anaizungumzia kama vile alizaliwa ndani yake. Nusu ya kikundi wanaipenda KFC na hawaoni haya. Na hatutaki mtu awacheke, kwa sababu tulipowauliza kwa nini, hakuna aliyeanza na ladha. Walisema: unaingia, unakaa, kuna choo kisafi na sabuni, unasema namba ya chakula, unalipa, unaletewa. Hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Hakuna anayesikia Kiswahili chako akabadilisha bei. Kwa mtu ambaye kila wiki anasimama mbele ya meza fulani kueleza yeye ni nani, kukaa saa nzima kama mteja tu ni kitu kikubwa. Dada mmoja alisema pale ndipo mahali pekee ambapo amewahi kupewa risiti bila kuonyesha kadi.

Tunaongeza hili kwa wale wanaotoa misaada: mkiona picha ya mkimbizi anakula kuku wa kukaanga, msikimbilie kusema "si walisema wana njaa?" Mwezi Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwaondoa watu milioni moja kwenye mgao hapa Uganda kwa kukosa fedha. Baadhi ya hao milioni ni wazazi wetu, wako kambini. Kijana aliyekusanya pesa miezi miwili ili siku ya kuzaliwa ya mdogo wake wale kuku mmoja hajadanganya mtu.

Upande wa pili unasema hivi: bei ya sanduku moja pale ni rolex saba au nane. Mtu anashiba mara moja, au anakula wiki. Halafu kuna habari ya viazi. Mnakumbuka Januari 2022, KFC ya Kenya iliishiwa chipsi? Meli zilichelewa. Ndipo Wakenya wengi wakajua kwamba viazi vinatoka nje ya nchi, wakati wakulima wa Nyandarua wana viazi mpaka vinawaozea. Watu walikasirika mitandaoni, kampuni ikasema itatafuta wakulima wa ndani. Sisi tuliifuatilia ile habari kwa makini kwa sababu tuliijua. Tunaiishi kila warsha.

Hapa ndipo tunafika kwenye chakula tusichokipenda kuliko vyote. Si KFC. Si zile chipsi za juzi zilizolowa sosi nyekundu ambayo nyanya haijawahi kuiona. Ni sanduku la warsha.

Mnalijua. Warsha ya "kujitegemea kiuchumi kwa vijana wakimbizi" inaanza saa tatu. Mwezeshaji anachora mti wa matatizo. Saa saba gari linafika kutoka mjini na masanduku: wali uliopoa, kipande cha kuku, saladi iliyochoka, soda. Mlango wa pili kutoka ukumbini kuna maman wa Kivu anauza bugali na sombe, na mbele yake kaka wa Burundi anachoma mishikaki, na kwenye kona yule Msoga wetu wa rolex. Wote watatu wanaangalia gari linapita. Mara moja shirika fulani lilileta masanduku kwenye mafunzo ya upishi. Ndiyo, ya upishi. Waliofundishwa kupika walikula chakula cha mtu mwingine.

Tupige hesabu, ya mfano tu. Watu 50, sanduku moja elfu 20: ni milioni moja kamili. Siku tatu, milioni tatu. Kwa milioni moja mtu wetu ananunua jiko la mkaa, sufuria bapa, meza, kabati la kioo la kuzuia nzi, unga na mayai ya kuanzia, na pesa inabaki. Yaani warsha inayotufundisha namna ya kutafuta mtaji inapitisha mtaji juu ya vichwa vyetu, ndani ya gari, saa saba mchana.

Jibu lenu tunalijua: risiti. Mhasibu anataka risiti ya URA yenye namba ya TIN, na maman hana. Anataka pia kujua chakula ni salama. Hoja hizo si za kijinga, na hatuziombi zifutwe. Mkaguzi akija, hatutaki rafiki yetu wa shirika apoteze kazi kwa ajili ya chapati. Lakini wapishi watano wanaweza kujisajili kama kikundi kimoja chenye TIN moja. Pesa ikilipwa kwa simu inaacha alama, tarehe na jina. Kupimwa afya kwa wanaoshika chakula kunawezekana, na gharama yake ni ndogo kuliko bango la warsha lenye nembo sita. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Kinachokosekana ni mnunuzi wa kwanza, na mnunuzi huyo tayari anakuja Bugembe na bajeti ya chakula mkononi.

Kuna wanaosema chakula cha mtaani hakina hadhi ya mkutano. Hilo linatuudhi kidogo. Café Javas ni ya Uganda, ina menyu ndefu kama Agano la Kale, na watu wanaona ni fahari kula pale. Ilianza kama wazo la mtu fulani. Na chapati yenyewe, ile tunayoita ya Busoga, ilikuja na Wahindi. Jinja ulikuwa mji wao kwa kiasi kikubwa. Majengo yao bado yako Barabara Kuu, na sukari ya Kakira, hapo jirani yetu, ni kazi ya ukoo wa Madhvani. Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972, chapati ikabaki. Leo Msoga akikuuzia rolex hafikirii Gujarati.

Hata sambaza, wale samaki wadogo ambao sisi wa Kivu tunawalilia tukikumbuka nyumbani, hawakuzaliwa Ziwa Kivu. Walitolewa Tanganyika wakamwagwa mle mwishoni mwa miaka ya 1950. Sasa jaribu kumwambia mtu wa Bukavu au Goma kwamba sambaza ni mgeni. Hapa Bugembe tunakaanga mukene badala yake, na wateja wa maman sasa ni Wasoga kuliko Wakongo. Vilevile mikate yetu (Wakenya tulieni, si ile ya kukatwa vipande, ni kama mandazi ya duara): asubuhi inaisha kabla ya saa mbili, na wanaopanga foleni ni madereva wa boda.

Kwa hiyo ombi letu ni dogo na lina tarehe: warsha ijayo. Msituletee sanduku. Tumekwisha kukaa na wapishi, wako sita, watatu wakimbizi na watatu wenyeji, maana hatutaki jirani aone tumemnyang'anya. Menyu iko tayari: chai na mikate saa nne, saa saba uchague kati ya rolex, bugali na sombe na mukene, au mishikaki na gonja. Anayetaka ful tutamwomba mama wa Juba, mradi aambiwe siku moja kabla aloweke maharage. Hakuna kaveera, sahani zinaoshwa. Tuambieni tu watakuja wangapi, wangapi hawali nyama, na mhasibu wenu anataka jina la kikundi liandikwe vipi kwenye risiti.