Kokoto zipimwe kwa nyundo, si kwa macho

KOKOTO huuzwa kwa ndoo na kwa lori, na mara nyingi kipimo cha ubora wake ni jicho la mnunuzi. Akiziona kavu, za kijivu na zenye kingo kali, hulipa. Mchimbaji mdogo mwenye mzigo mzuri lakini asiye na karatasi ya maabara hushushiwa bei, au huambiwa kazi za madaraja na barabara si za watu wa aina yake. Hasara haiishii kwake. Mkulima anayepitisha nyanya zake kwenye barabara ya mawe yasiyopimwa huilipa hasara hiyo kila masika.

Jiwe lina tabia ambayo wagonga kokoto wanaijua kwa mikono yao. Likibanwa polepole, ufa ulio dhaifu kuliko zote hupata muda wa kupenya, na jiwe hupasuka vipande vichache. Likigongwa ghafla, muda haupo. Nyufa nyingi huanza kwa pamoja, nguvu kubwa zaidi huhitajika, na jiwe husambaratika kuwa vipande vidogo na unga. Mwingereza Bertram Hopkinson alibuni mwaka 1914 njia ya kupima mishindo ya namna hiyo kwa kutumia fimbo ya chuma, na mwaka 1949 Herbert Kolsky akaiboresha kwa kuweka kipande kinachopimwa katikati ya fimbo mbili. Tangu hapo imethibitishwa mara nyingi kwamba jiwe lile lile lina namba moja likibanwa na namba nyingine, iliyo kubwa zaidi, likipigwa.

Sasa, gurudumu la fuso lililosheheni magunia likidumbukia shimoni halibani jiwe polepole. Linaligonga. Kwa hiyo majibu ya mashine ya kubana peke yake hayatoshi kumwambia mtu barabara yake itadumu vipi.

Habari njema ni kwamba kipimo cha kugonga kokoto hakihitaji fimbo za Kolsky wala umeme. Huchukuliwa kokoto zinazopita chekeche la milimita 14 na kubaki kwenye la milimita 10, zikakaushwa, zikapimwa uzito na kujazwa katika kikombe cha chuma. Nyundo ya kilo 14 hivi huachiwa mara 15 kutoka kimo cha milimita 380. Kisha huchekechwa kwa chekeche la milimita 2.36, na unga uliopita hupimwa. Ikiwa sampuli ilikuwa gramu 350 na unga ni gramu 70, jibu ni asilimia 20. Kwa kawaida jiwe la chini ya 20 huhesabiwa gumu, hadi 30 linafaa kwa tabaka la juu la barabara, na likizidi 35 ni dhaifu kwa kazi hiyo. Mawe ya matumbawe ya Pwani, yenye vitundu vingi, hayawezi kulinganishwa kwa macho na itale ya Mwanza.

Inashangaza basi kwamba kifaa chepesi namna hii hubaki maabara za mjini wakati mawe yapo kijijini. TARURA, iliyokabidhiwa barabara za vijijini mwaka 2017, pamoja na halmashauri zinazotoza ushuru wa machimbo, wangeweza kukipeleka machimboni kwa zamu. Vikundi vya wagonga kokoto navyo vinaweza kuchangishana, kwani fundi mmoja aliyefundishwa anatosha kwa machimbo kadhaa. Kwa madaraja makubwa vipimo vya maabara vitabaki vya lazima, na hilo halina ubishi.

Sampuli ichotwe sehemu mbalimbali za lundo, muuzaji na mnunuzi wakiwapo, na nyingine ilowekwe kwanza, maana mawe mengi hupungua nguvu yakilowa. Machimbo yakishuka chini kipimo kirudiwe, kwa sababu jiwe la juu lililokaa kwenye jua na mvua si sawa na la ndani.