Tatizo si simu ya mteja, ni CSS yako

Nyinyi watengeneza tovuti wenzangu wa Mombasa, acheni kumwambia mteja "pakua Chrome". Juzi nilimtengenezea mama mmoja wa Kibokoni tovuti ya oda za biriani. Kwa laptopu yangu, maridadi wallahi. Kwa Opera Mini ya simu yake, alama zote ni vijisanduku, kitufe cha oda hakipo! Kosa langu. Opera Mini ikibana bando kabisa, ukurasa unapikwa huko kwa seva: fonti za mtandao haichukui, animesheni haichezi. Na kitufe changu kilikuwa kinangoja animesheni ndio kitokee. Dawa? Andika "Agiza" kwa herufi, kitufe kionekane tangu mwanzo, mapambo baadaye. Halafu jaribu kwa simu za watu, si yako pekee. Asiyeona kitufe haagizi, anaenda zake kwa jirani.