Daftari la Wiki: Ukurasa wa Kushoto

Phnom Penh, Kambodia, usiku. Mgahawa wa kifahari, vitambaa vyeupe mezani, menyu ya kurasa mbili: kushoto vyakula vya Kikhmer, kulia vya Kizungu. Meza ya jirani waliagiza vya kulia bila hata kutupia jicho upande wa pili. Iliniuma.

Mimi niliagiza amok. Ni samaki aliyechanganywa na tui la nazi na kroeung, akapikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba. Kroeung ni viungo vinavyotwangwa pamoja: mchaichai, manjano, hulinjani, vitunguu saumu, majani ya ndimu. Tui hushikana likawa laini, halichuruziki. Aliyelelewa kwa samaki wa kupaka atajiona yuko nyumbani.

*

Mkate uliletwa kwanza, mrefu, wa Kifaransa. Nao si mgeni tena: Wafaransa walitawala huku tangu 1863 hadi 1953, na leo mkate huo unauzwa barabarani, umejazwa nyama na achari.

*

Nilichokikosa ni prahok, samaki waliosagwa na kuchachushwa kwa chumvi. Harufu yake ni kali, na nadhani waliiondoa kwa kuwahofia wageni. Wamekosea. Bila prahok, jiko la Kikhmer limepungukiwa na uti wake.

*

Pilipili manga ya mkoa wa Kampot ililetwa na ndimu, ya kuchovyea lok lak, vipande vya nyama ya ng'ombe. Umoja wa Ulaya ulililinda jina la pilipili hiyo mwaka 2016. Nilipoionja nilifikiria jinsi ladha hizi zilivyokaribia kupotea tangu tarehe 17 Aprili 1975, waasi wa kikomunisti wa Khmer Rouge walipoingia mji huu wakawatoa watu wote. Baadaye wakapiga marufuku hata kupika nyumbani. Watu wakala uji mwepesi wa mchele katika majiko ya pamoja. Hadi 1979 walikuwa wamekufa watu wapatao milioni 1.7, na wapishi wangapi miongoni mwao! Mapishi yaliyobaki, mengi yalibaki vichwani mwa akina mama na mabibi.

Mpishi Luu Meng alipofungua Malis mjini humu mwaka 2004, mgahawa wa vyakula vya Kikhmer wenye jina la ua la asumini, ilikuwa imepita miaka 25 tu tangu 1979. Chakula hiki kinastahili kitambaa cheupe.

Ukifika, msomaji wangu, anza na ukurasa wa kushoto. Kisha muulize mhudumu kama jikoni kuna prahok.