Mwacheni Mtoto wa Kasulu Aandike Upelelezi

Kuna ushauri unaorudiwa kila panapozungumzwa uandishi wa watoto: mtoto aandike anayoyajua. Wa Kibondo, kule Kigoma, aandike shamba la maharage, mvua na kuchunga mbuzi. Ya Dar es Salaam awaachie wa Dar es Salaam. Ushauri huo una pacha wake: riwaya za upelelezi zinaharibu watoto, kwa hiyo zifichwe. Yote mawili husemwa kwa sauti ya busara. Mimi nayapinga.

Tuanze na Kasulu, huko huko Kigoma. Ben Mtobwa alizaliwa huko mwaka 1958, na hakujipatia wasomaji kwa kusifu migomba ya Buha, nchi ya Waha. Alimbuni Joram Kiango, mpelelezi wa kujitegemea, akamwingiza katika hatari ambazo hakuna mzee wa Kasulu aliyewahi kuziona barazani kwake. Riwaya kama Tutarudi na Roho Zetu? ziliazimwa mkono kwa mkono mpaka majalada yakabanduka. Miaka ya nyuma zaidi, 1974, Elvis Musiba alikuwa ametoa Kufa na Kupona na kutuletea mpelelezi Willy Gamba.

Wangapi waliosoma vitabu hivyo hawakujaribu kuandika chao nyuma ya daftari la hesabu? Shujaa ana bastola na gari la kasi, na mhalifu hutoa hotuba ndefu kabla ya kufa. Mwalimu akiliona, analichana: huku ni kuiga tu. Ni kuiga kweli. Lakini humo ndani mtoto anajifunza kuficha jambo ukurasa wa tatu ili alifichue wa kumi. Anajifunza kukata sura pale msomaji anapotaka kujua zaidi, na kuwaacha wahusika wasukume kisa kwa maneno yao wenyewe. Insha ya "Siku Niliyokwenda Shambani" haimdai lolote kati ya hayo. Mwisho wake mwalimu anaujua tangu mwanzo, na mtoto anajua kwamba mwalimu anaujua.

Na tangu lini hadithi zetu zikafungwa kwenye mambo yanayojulikana? Shaaban Robert alipotaka kusema juu ya dhuluma alibuni Kusadikika, nchi iliyo angani, mwaka 1951. Bibi wa Kiha akiketi na wajukuu jioni hawasimulii maharage waliyoyapalilia mchana kutwa. Anawaletea zimwi.

Fikiria pia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita, na ambayo tangu 2015 ilipokea Warundi wengi. Wapo waliozaliwa na kukulia humo. Kumwambia kijana wa namna hiyo aandike mazingira yake tu ni kumzungushia uzio wa pili. Akitaka kuandika kambi, aandike, na pengine hakuna atakayeiandika vizuri kuliko yeye. Akitaka kuandika meli ya maharamia, asidaiwe kibali.

Wapinzani wana hoja moja nzito. Riwaya za upelelezi zina damu na mambo ya kitandani, na wanawake wengi humo ni chambo tu. Sikatai, Dar es Salaam Usiku ya Mtobwa si kitabu cha mtoto wa darasa la nne. Ila dawa yake ni visa vya kusisimua vya rika lake, vilivyoandikwa na watu wasioona haya kumtia msomaji hofu kidogo. Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukihimiza utoaji wa vitabu vya watoto nchini tangu 1991, kwa hiyo hatuanzii patupu. Kabati la shule lenye vitabu vya mawaidha matupu humrudisha mtoto kwenye riwaya aliyoificha kaka yake chini ya godoro.

Mwalimu wa Kasulu, mwalimu wa Kibondo: ukikuta upelelezi nyuma ya daftari, sahihisha tahajia, mkumbushe kwamba hesabu zake bado unazidai, kisha muulize muuaji ni nani.